Mpwa Wangu Ataka Kusoma Siasa: Atakula Nini?

Simu ilinifikia baada ya Isha. Dada yangu, ambaye ameolewa Dandora yapata miaka ishirini sasa, hakumaliza hata salamu. "Kaka, njoo uzungumze na mwanao. Amepangiwa siasa, na amekaza kuwa siasa ndiyo atakayosoma. Babake hataki kusikia."

Maana yake ni kwamba KUCCPS, ile bodi inayowapangia wanafunzi vyuo, imempa binti yake nafasi ya shahada ya sayansi ya siasa katika chuo kikuu kimoja cha umma. Wala hakupangiwa kwa bahati mbaya. Ndiyo kozi aliyoijaza mwenyewe ya kwanza, na alama zake zingemtosha kusomea ualimu. Na kwa kuwa mimi ndiye mjomba, tena ndiye ninayeandika mambo ya siasa katika ukurasa huu, lawama zilinifikia kabla sijatafuta nauli.

Nilipanda basi la usiku Mwembe Tayari siku ya Alhamisi. Nayaandika haya kwa sababu kesi ile si ya nyumba moja. Msimu wa kupangiwa vyuo ukifika, mazungumzo kama yale husikika Kisauni, Likoni, Malindi na Lamu: mwana ataka kusoma jambo ambalo mzazi haoni mwisho wake.

Shemeji yangu ni fundi wa vyuma Kariobangi, kwenye zile karakana za jua kali. Si mtu wa maneno mengi. Tulipokwisha kuswali Ijumaa na kula, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu ana TSC. Nesi ana baraza lake. Wakili ana lake. Huyu wa siasa ana nani?"

Wapwani wenzangu, nimesoma makala nyingi za kusifu shahada hii, na sijaona iliyolijibu swali la fundi yule. Yuko sawa. Shahada ya sayansi ya siasa haina leseni. Hakuna baraza linalowasajili wanaohitimu, wala hakuna kazi ambayo sheria inasema lazima ishikwe na aliyesoma siasa. Tangazo la kazi likitoka husema shahada ya sayansi ya jamii au inayolingana nayo, na hapo binti yetu atapanga foleni moja na waliosoma sosholojia, historia, maendeleo ya jamii na hata biashara. Mzazi anayeambiwa vingine anadanganywa.

Ila nilimkumbusha shemeji kwamba leseni nayo siku hizi haifungui mlango peke yake. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja katika mambo makubwa yaliyowatoa kazini ni madaktari wanagenzi: malipo yao na kucheleweshwa kupangiwa hospitali. Mwaka uo huo walimu wanagenzi wa sekondari msingi nao waligoma, wakitaka waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Wote hao wana mabaraza na tume zao. Shemeji aliitikia kwa kichwa, lakini nilimwona moyo haujakubali.

Basi milango iko wapi? Kosa la kwanza ni kudhani kwamba anayesoma siasa anasomea kuwa mwanasiasa. Kugombea hakuhitaji kozi. Katika uchaguzi wa 2022, baada ya Mahakama Kuu kufuta sharti la shahada kwa wabunge na wawakilishi wadi, wagombea wa viti hivyo hawakulazimika kuwa na cheti cha chuo kikuu. Waliobaki na sharti hilo ni wa urais na ugavana. (Mimi na diploma yangu ya uandishi siwezi kugombea ugavana wa Mombasa. Mji umesalimika.) Lakini tazama kichekesho kilichopo. Mwakilishi wadi, anayechaguliwa, haulizwi shahada. Msimamizi wa wadi, yule mwajiriwa wa kaunti anayekaa ofisini kusukuma kazi, ndiye ambaye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka awe na masomo na ujuzi wa utawala. Sheria hiyo ndiyo iliyoleta nafasi hizo, za wadi na za kaunti ndogo. Jina la Dandora peke yake limebebwa na wadi nne katika eneobunge la Embakasi Kaskazini. Sasa hesabu kaunti 47.

Hapo ndipo kazi ilipo zaidi, kwenye ngazi ambazo vijana wetu hawazitazami kwa kuwa wamekodolea macho Bunge na ubalozi. Bunge la kaunti lahitaji watafiti, makarani wa kamati na waandishi wa kumbukumbu rasmi. Katiba ya 2010 imelazimisha umma ushirikishwe sheria na bajeti zinapotungwa, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kuiandaa mikutano ile na kuyaandika yaliyosemwa, japo kaunti nyingi huifanya kazi hiyo kama anayetoa sadaka mbele ya kamera. Kuna IEBC, kuna tume ya haki za binadamu, kuna Mashauri ya Kigeni, kuna redio na magazeti, kuna kampuni za kura za maoni. Tume ya Utumishi wa Umma ina mpango wake wa mwaka mmoja wa kuwapa waliohitimu uzoefu wa kazi. Si milango ya dhahabu, lakini ni milango.

Mmoja umefungwa nusu, na wazazi waambiwe. Kwa miaka mingi waliosoma siasa Kenya walilishwa sana na mashirika yasiyo ya serikali: elimu ya uraia, uangalizi wa uchaguzi, utawala bora, amani. Pesa zilikuwa za wafadhili. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya Marekani, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa kama shirika. Nawajua vijana hapa Mombasa waliokuwa wakizunguka vijijini kufundisha Katiba, leo wanaendesha tuktuk. Anayemwambia mwanafunzi wa sasa kwamba mashirika yatamwajiri anampa ramani ya mji uliobomolewa.

Na ule mlango wa kazi za serikali tuuseme kwa jina lake. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa kwenye mahojiano ya kazi ya mawasiliano katika ofisi moja ya umma. Nilipofika nilimkuta aliyeajiriwa ashaketi kwenye meza yenyewe, naye ndiye aliyenionyesha pa kusubiri. Sikuhitaji shahada kuielewa siasa ile.

Baada ya Alasiri mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, nyanyuka nikuonyeshe kwa nini."

Nyumba yao iko Awamu ya Nne. Dandora ilianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja karibu 6,000, mtu apewe kiwanja chenye maji na choo, nyumba ajijengee kadiri ya uwezo wake. Siku hizi vingi vya viwanja hivyo vimepanda ghorofa, vyumba vimebanana, na kamba za nguo zimevuka kutoka dirisha hadi dirisha. Tulipita makanika, tukapita kuta zilizochorwa wasanii wa rap. Mpwa akanikumbusha kwamba Kalamashaka walitoka mitaa hii, nami nikamkumbusha kwamba Ukoo Flani walitoka kwetu Mombasa kabla hawajaungana nao. Hapo akacheka. Kisha harufu ikatufikia.

Sisi Pwani twaliita jaa, wao huliita dampo. Jaa la Dandora lilianza kati ya miaka ile ile ya 1970, katika ardhi ya ekari zipatazo 30. Tangu 2001 imesemwa limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri hapo hapo Nairobi, lilitoa utafiti uliopima damu ya watoto 328 wa maeneo ya jirani, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwa kiwango cha kutia hofu. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru utupaji taka ukome na jaa lihamishwe ndani ya miezi sita. Tulisimama pale kwa muda wa kama robo saa. Malori yalikuwa yakiingia. Korongo wakubwa walikuwa wamesimama juu ya vilima vya taka kama mabawabu, na chini yao watu, wanawake wengi, wakichokora kwa vyuma vyenye ndoana.

Alichonieleza binti yule wa miaka kumi na minane nimewahi kukisikia kwa maprofesa, kimefungwa maneno mazito. Alisema jaa haliondoki si kwa sababu serikali haijui. Lilipopangiwa kuhamia Ruai, mamlaka ya viwanja vya ndege ilipinga kwa kuhofia ndege wa angani wangegongana na ndege za abiria za JKIA. Kaunti ilipewa taka lakini haikupewa ardhi. Wenye malori wana mikataba. Kuna makundi yanayotoza malori mlangoni na makundi yanayonunua chupa na vyuma. Kuna maelfu wanaokula kutokana na jaa hilo, ambao ukilifunga kesho watalala njaa kesho. Na kuna mwanasiasa ambaye, kila msimu wa kampeni, huja kuwachukua vijana hapo, anawapakia nyuma ya pikapu na kuwapa mia mbili wapige kelele. "Kila anayeweza kulihamisha ana kitu atakachopoteza," akaniambia. "Sisi tunaougua hatuna cha kumnyima mtu."

Mwaka 1936 Mmarekani Harold Lasswell aliandika kitabu ambacho jina lake ni swali la siasa lilivyo mpaka leo: nani anapata nini, lini, na kwa njia gani. Mpwa wangu hajamsikia Lasswell. Amelisoma swali lake kwa pua.

Kisha akanigeuzia mimi. "Nyinyi Mombasa mliiondoaje Kibarani?"

Nilijibu kwa fahari. Kibarani ilikuwa jaa lililokaa mlangoni mwa kisiwa, kila atokaye uwanja wa ndege au barabara kuu ya Nairobi akiingia mjini alipokewa na moshi wake. Ilipofika 2018 kaunti ikalifunga, pakapandwa nyasi na miti, watu wakaanza kupiga picha. Niliisifu kazi ile katika ukurasa huu huu.

"Taka zikaenda wapi?"

"Mwakirunge, huko Kisauni."

"Watu wa Mwakirunge waliulizwa?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika juu ya Kibarani zaidi ya mara moja, lakini Mwakirunge sijawahi kwenda kumuuliza mtu. Kibarani ilikuwa mahali wageni na wakubwa wanapopita. Mwakirunge hawapiti, na Dandora hawapiti. Safari hiyo naidai nafsi yangu, na nikirudi nitawaandikia.

Njiani tukarudi tukizungumza makontena, kwa sababu jambo ni lilo moja. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipakiwe kwenye reli ya SGR hadi bandari ya nchi kavu ya Embakasi, wenye malori, wenye mabohari na mama ntilie wa Mombasa ndio walioumia. Tuliandamana, tukalia, na Septemba 2022 Rais Ruto alipoingia ikatangazwa kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Wengi wetu tulilipokea kama zawadi. Wachache waliuliza ule uamuzi wa kwanza ulipitishwa katika ofisi gani, kwa mkataba gani, na kwa nini mkataba wenyewe ulikuwa mgumu kuonekana. Mtu wa kuuliza hivyo, na anayejua karatasi ya kuomba, hatokei hivi hivi. Hufundishwa.

Dada yangu yeye hofu yake si kazi. Aliniambia jioni, akikanda unga wa mahamri ya asubuhi, kwamba Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bunge kuupinga Mswada wa Fedha, alimfungia binti ndani na kukalia kiti mlangoni. "Anayejua sana ndiye anayechukuliwa," akasema. Sikuweza kumwambia hofu yake haina msingi. Mwaka 1982 serikali ya Moi iliwatia kizuizini wahadhiri kadhaa wa vyuo vikuu, mmoja wao akiwa mwana wa Mombasa, Alamin Mazrui, ambaye alikuwa akifundisha lugha, si siasa. Na miaka zaidi ya kumi kabla yake, Abdilatif Abdalla, kijana aliyekuwa na kazi yake katika manispaa ya Mombasa, alifungwa miaka mitatu kwa kuandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Hakuwa na shahada ya siasa hata robo. Nilimwambia dada: kutosoma hakukumlinda.

Hapa niseme neno na Wapwani wanaodhani kwamba fani hii ni ya watu wa bara. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwaeleza Waislamu kwa Kiswahili kwa nini wanaachwa nyuma na ardhi inawatoka vipi. Uchambuzi wa mambo ya siku ulikuwa kazi ya masheikh kabla haujawa kazi ya watu wa televisheni. Mwanawe Ali, aliyezaliwa 1933, hakufanya vizuri sana katika mtihani wake wa sekondari, akaajiriwa karani katika chuo cha MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi ikampendeza gavana wa kikoloni, na njia ya Uingereza ikafunguka. Akasoma Manchester, Columbia na Oxford, akaongoza idara ya sayansi ya siasa Makerere mpaka utawala wa Idi Amin ulipomwondoa, akamaliza umri wake Marekani. Mwaka 2014 tulimzika karibu na Fort Jesus.

Husimulia watu kisa hicho kama ushahidi kwamba juhudi hulipa. Mimi huona na upande wa pili: karani hodari alihitaji gavana awepo kwenye Maulidi ile. Wangapi walihutubia na hakuna aliyesikia?

Tulikuja kwenye pesa baada ya Magharibi, na aliyelitaja neno riba ni binti mwenyewe. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unawagawa wanafunzi katika makundi matano kwa hali ya familia. Aliye chini kabisa anapewa ufadhili usiolipwa wa asilimia 70 ya karo, mkopo wa asilimia 25, na familia inatoa tano. Aliye juu kabisa, familia yake inabeba 40. Mahakama Kuu iliukataa mfumo huo Desemba 2024, serikali ikakata rufani, na wazazi wakabaki hapo katikati. Ule mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na ukichelewa kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wako masheikh waliolegeza kwa dharura, wako wasiotaka hata kuusikia. Mimi sitoi fatwa. Lakini nasema kwamba vijana wa Kiislamu wanauacha mkopo ule kimya kimya, wengine wanaacha na chuo, nasi kwenye misikiti yetu tunachangisha mazulia.

Tuliandika kwenye daftari la mahamri. Ataomba ufadhili usiolipwa, mkopo atauacha mwaka wa kwanza. Sehemu ya familia tutaigawa: mimi, ami yake aliye Malindi, na faida ya mahamri. Basari ya kaunti na ya CDF ataomba pia, ingawa fomu zile huisha kabla hazijatangazwa.

Nami nikamwekea masharti yangu. Takwimu asizikimbie, maana wengi wanaosoma siasa huzikimbia, na aliyezijua ndiye anayepata kazi za utafiti. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya Kaunti ya Nairobi aisome kila mwaka mpaka aizoee kama mwenzake anavyozoea simu. Kiarabu chake cha madrasa akiendeleze kiwe cha kuandika barua, kwa sababu dada zetu wako Saudia kwa maelfu, na mtu anayejua Kiarabu na anayejua ubalozi unavyofanya kazi hawezi kukosa wa kumhitaji. Na kila likizo ndefu aende ofisi ya wadi akajitolee, hata akipewa kazi ya kupanga mafaili.

Shemeji alikuwa amenyamaza muda wote, akisokota kipande cha waya kidoleni. Mwisho akasema, "Haya. Akimaliza akakosa kazi, aje karakana aniandikie tenda za serikali."

"Hiyo nayo ni kazi," nikamjibu. "Asilimia 30 ya tenda imetengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu."

Akaniuliza tangu lini, nikaanza kukumbuka mwaka. Binti akanikatiza, akavuta daftari, akaanza kumweleza babake karatasi zinazotakiwa, moja baada ya moja: usajili wa kampuni, cheti cha kodi, jina la anayestahili. Basi langu la kurudi lilikuwa saa nne usiku. Nilipotoka walikuwa bado wameinamia daftari, na dada yangu akinishindikiza hadi stejini na mfuko wa mahamri ya njiani.